Mzigo wa Baba na Mzigo wa Serikali

Hapa Fungurume, na Kolwezi vilevile, mtoto akishikwa na homa husikiwa maneno haya: "Kompani inafanya nini? Serikali iko wapi?" Maulizo hayo ni ya haki. Lakini mtoto mwenye malaria hawezi kungoja jibu. Basi tuangalie pamoja: kazi ya baba ni ipi, na kazi ya serikali ni ipi?

KOMPANI ILIYOITWA BABA

Mazoea ya kungoja wengine yana mwanzo wake. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wake wakae kazini miaka mingi pamoja na wake zao. Ikawapa nyumba, na posho kwa hesabu ya mke na watoto. Ikapima uzito wa watoto wachanga, ikajenga hospitali na shule. Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya kompani hiyo, na Gécamines ikaendelea na desturi ileile. Watu wakazoea kusema kwamba kompani ndiyo baba na mama.

Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka. Shaba ikapungua sana, mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini. Akina mama walibeba nyumba kwa kuuza sokoni, na watoto wengi wakaenda kwenye machimbo. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya jamaa hizo, akawaita watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Tujifunze neno hapa. Kompani inaweza kusaidia nyumba, lakini haiwezi kuwa baba. Siku ikiondoka, mtoto anabaki na yule aliyemzaa.

MIZIGO MIWILI

Katika Wagalatia sura ya 6 mtume Paulo anatuagiza tuchukuliane mizigo. Tena, mistari michache mbele, anasema kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Maneno hayo mawili hayapingani. Kuna mzigo ambao nyumba moja haiwezi kuubeba peke yake. Kuna na mzigo ambao baba hawezi kumpa mtu mwingine.

KAZI YA BABA

1. Kumkubali mtoto. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, inataka kila mtoto wa Kongo awe na baba. Hakuna ruhusa ya kumkana mtoto wako, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Mwandikishe mbele ya serikali katika siku 90 baada ya kuzaliwa.

2. Kulisha nyumba kwanza. Siku ya mshahara, usipite kwenye pombe. Keti na mke wako, hesabuni pamoja: unga, maharagi, karanga, sombe, sabuni. Wekeni kando fedha kidogo kwa ajili ya ugonjwa. Mtoto mchanga anyonye tu mpaka miezi 6. Basi mama yake apate chakula cha kutosha.

3. Kumleta mgonjwa upesi. Mtoto mwenye homa aletwe siku ileile. Wengine wamekufa kwa sababu mama alingoja ruhusa ya baba aliyekuwa mbali kazini. Baba, kabla ya kusafiri mwambie mke wako mbele ya ndugu zako: "Mtoto akiugua, usiningoje." Mwachie na fedha ya njia.

4. Kuacha vumbi la madini kazini. Kati ya mwaka 2013 na 2015 waganga wa Lubumbashi walichunguza watoto waliozaliwa na kilema. Habari zao zilitolewa mwaka 2020: hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Basi oga na kubadili nguo kabla ya kumshika mke au mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na kisima. Usilete mawe ya madini nyumbani, wala usimtume mtoto kuyaosha. Sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza kazi za namna hiyo.

KAZI YA SERIKALI

Baba mwema sana hawezi kuleta chanjo kwa mji mzima, wala kupima maji ya mto, wala kuzuia vumbi la barabara. Hiyo ni kazi ya serikali. Katiba ya mwaka 2006 inasema shule ya msingi ya serikali ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitimiza neno hilo. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamwamuru mwajiri kumtibu mfanyakazi, mke wake na watoto wake. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya ushuru wa madini kwa utawala wa mahali yanapochimbwa. Tena kila kompani inayochimba itoe asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa hapo.

Kwa hiyo kuuliza habari za fedha hizo si uasi. Wazee wa kanisa na wazazi waende pamoja, kwa heshima, waulize: zahanati iko wapi? Maji safi yako wapi? Baba anayetimiza kazi yake nyumbani huuliza bila haya.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Je, watoto wetu wote wameandikishwa? Je, kadi zao za chanjo zimetimia? Mtoto akiugua usiku huu, fedha ya njia iko wapi? Nguo za kazi za baba zinawekwa wapi? Baba, jibu wewe kwanza, mbele ya mke wako na watoto wako.