Dola 299 kwa dola 1,599: kadi ghali inakulipa lini?

Chukua bei ya kadi ya michoro ya RTX 4060 ilipoingia sokoni, dola 299, uigawe kwa viini vyake 3,072. Kila kiini kinakugharimu senti 9.7 za Marekani. Sasa chukua RTX 4090, dola 1,599, ugawe kwa viini 16,384. Unapata senti 9.8. Kadi hizi za Nvidia ni za kizazi kimoja, ghali ikiwa imeingia sokoni Oktoba 2022 na nafuu Juni 2023, na kwa hesabu hii pekee huwezi kusema mwenye fedha amelanguliwa. Amelipa mara tano na kitu, akapewa viini mara tano na kitu.

Ila hakuna anayecheza gemu kwa kuhesabu viini. Mchezaji anaona fremu, yaani picha ngapi zinachorwa kila sekunde, na hapo ndipo uwiano mzuri wa kwenye karatasi unapoanza kupinda.

Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kuwa tayari. Ukitaka 144, muda unashuka hadi milisekunde 6.9. Ndani ya muda huo prosesa inapanga nani yuko wapi, risasi imempata nani, mlango umefunguka au la, kisha inakabidhi kazi kwa kadi ichore. Kwenye skrini ya 1080p, yenye nukta milioni mbili hivi, 4090 inamaliza kuchora mapema na kubaki ikisubiri prosesa. Ni kama fundi mwashi hodari aliyepewa saidia fundi mmoja: mikono iwe myepesi kiasi gani, udongo usipofika anakaa. Ndiyo maana kwenye 1080p kadi hii ya bei mara tano huwa inaishinda ndogo kwa mara mbili na kidogo tu. Panda hadi 4K, ambako nukta ni mara nne kamili, na kazi inahamia kwenye kadi yenyewe; pengo linafika mara tatu na nusu hivi, kutegemea gemu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme 4060 inatoa fremu 60 kwenye gemu nzito ya 1080p, na 4090 inatoa 138. Kila fremu ya kadi ndogo imenunuliwa kwa dola 5, ya kadi kubwa kwa dola 11.6. Kwenye 4K tuseme ni fremu 30 kwa 105: dola 10 kwa dola 15. Ili bei ya fremu ilingane, 4090 ingepaswa kuwa na kasi mara 5.3 ya mwenzake, na katika gemu za kawaida haifiki huko. Lakini angalia tena zile fremu 30. Unalipa kidogo kwa kila moja, halafu mchezo wenyewe unakuwa mzito kiasi cha kukukera. Urahisi wa kitu usichoweza kukitumia si urahisi.

Wapimaji nao wana desturi yao ambayo mnunuzi aijue. Huweka kadi zote kwenye kompyuta moja yenye prosesa ya juu kabisa, ili prosesa isiizuie kadi. Kisayansi ni sawa. Kwako nyumbani, prosesa ikiwa ya miaka minane iliyopita, pengo la kadi hizi mbili kwenye 1080p litakuwa dogo kuliko hata hilo la mara mbili. Tazama pia wastani umeandikwa pamoja na nini. Kadi inaweza kuwa na wastani wa fremu 70 huku ile asilimia moja mbaya zaidi ikiwa na kasi ya 20, na hizo 20 ndizo unazozihisi mkononi adui anapotokea. Na chati ikikuonyesha 4060 ikiruka hadi fremu 110, uliza kama fremu za kubuniwa zimehesabiwa humo. Kadi zote mbili zinaweza kupachika picha ya kukisia katikati ya picha mbili halisi. Macho yanafurahi, lakini kipanya hakiitikii haraka zaidi.

Tatizo halisi la kadi ndogo ni kumbukumbu. Ina GB 8, mwenzake ana GB 24. Kasi ya kusoma kumbukumbu hiyo ni GB 272 kwa sekunde dhidi ya GB 1,008. Gemu ikitaka zaidi ya GB 8, kinachozidi kinasukumwa kwenye RAM ya kompyuta, kikipitia tundu ambalo kadi imechomekwa. Hapo Nvidia ilibana matumizi: 4060 inatumia njia 8 za tundu hilo, si 16. Kwenye kompyuta mpya zenye tundu la PCIe 4.0 njia 8 hupitisha kama GB 16 kwa sekunde. Kwenye PCIe 3.0 ni GB 8 tu, mara 34 chini ya kasi ya kumbukumbu ya kadi yenyewe. Matokeo yake ni picha kukwama ghafla, au ukuta kubaki na ukungu kama rangi haijakauka.

Hili linatuhusu sana, maana kompyuta nyingi zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi ni za ofisini zilizotumika Ulaya na Marekani. Prosesa za Intel za kizazi cha kumi kushuka chini zinaishia PCIe 3.0. Pawa saplai ya kompyuta kama hizo mara nyingi ni ya wati 240 hadi 300, bila waya wa ziada wa kulisha kadi, ilhali tundu lenyewe linatoa wati 75 tu na 4060 inahitaji 115. Nvidia inapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, na 850 kwa 4090. Kwa hiyo kadi ya bei nafuu inaweza kukulazimisha ubadilishe nusu ya mashine.

Umeme sasa. Kikomo cha 4090 ni wati 450. Kwa saa 4 kwa siku, ikitumika hadi kikomo, inakula uniti 54 kwa mwezi. 4060 inakula karibu 14. Kwa bei ya Tanesco ya shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, kwa mwaka ni takriban shilingi 234,000 dhidi ya 60,000. Kwa aliyenunua kadi ya dola 1,599 hilo si jambo la kumkosesha usingizi. Lakini mwenye mita ya matumizi madogo, anayelipa shilingi 100 kabla ya kodi na mwenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, atabakiwa na uniti 21 za friji, feni, taa, skrini na sehemu nyingine zote za kompyuta hiyo hiyo. Haziwezi kutosha.

Kadi kubwa inajilipa kazini. Anayetengeneza picha za 3D kwa Blender anapata zaidi ya mara tatu ya kasi, kwa sababu huko prosesa haimcheleweshi mtu. Na anayejaribu akili mnemba nyumbani ana hesabu rahisi: modeli ya vigezo bilioni 7, kila kigezo baiti 2, inataka GB 14. Kwenye GB 24 inaingia, kwenye GB 8 haiingii mpaka ikandamizwe. Si ajabu kwamba Oktoba 2023 Marekani ilipokaza masharti ya kuiuzia China teknolojia ya akili mnemba, 4090 iliguswa, na Nvidia ikalazimika kuitengenezea China toleo lililopunguzwa nguvu. 4060 haikumshughulisha mtu.

Kizazi kilichofuata, cha 2025, kimeuvunja ule ulinganifu wa senti. RTX 5060 ilitoka kwa dola 299 zile zile, bado GB 8, viini 3,840: senti 7.8 kwa kiini. RTX 5090 ilitoka kwa dola 1,999 ikiwa na viini 21,760, yaani senti 9.2, na kikomo chake ni wati 575. Safari hii mwenye fedha analipia pia jina.

Kwa skrini ya 1080p, kununua 4090 ni kutupa hela, hata ukiipata mtumba. Kwa 4K usinunue 4060. Vumilia hadi upate kadi ya kati yenye angalau GB 12. Na kabla ya kumtumia muuzaji fedha, fungua kasha la kompyuta yako usome kibandiko cha pawa saplai.