Jeshi la Risasi Mezani na Ukweli wa Uwanja wa Vita

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani wako watu wazima ambao, wamalizapo kazi zao za mchana, huketi mezani wakaunda majeshi. Askari wao ni sanamu za risasi, bati au plastiki. Baadhi zina urefu wa milimita 28, nyingine 15, na nyingine 6 tu. Huzipaka rangi kwa brashi nyembamba, huzipanga juu ya meza yenye vilima na mashamba ya kuigiza, kisha hupigana kwa kanuni zilizoandikwa, kwa rula ya kupimia mwendo na kwa kete za kuamua bahati. Mtu asiyejua aweza kudhani ni mchezo wa watoto. Lakini walio makini miongoni mwao wamejiwekea sharti moja gumu, nalo ndilo lililotufanya tuandike habari hii: jeshi lao hapana budi lifanane na jeshi la kweli, kama lilivyokuwa siku fulani, mahali fulani.

Asili ya michezo hii imo jeshini. Mwaka 1824, katika nchi ya Prussia, Luteni Georg von Reisswitz aliwaonyesha wakubwa wake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Jenerali Karl von Müffling, aliyekuwa mkuu wa makao makuu ya jeshi, aliona kwamba hayo ni mafunzo hasa, akaupendekeza kwa jeshi zima. Raia nao waliupokea kwa njia yao. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa sanamu.

Tuchukue mfano wa mtu atakaye kuunda jeshi la vita vya Waterloo, vilivyopiganwa katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, tarehe 18 Juni 1815. Kazi yake ya kwanza si kupaka rangi, ni kuuliza. Vikosi gani vilikuwapo? Vilikuwa na watu wangapi? Akikadiria kwamba sanamu moja ni badala ya watu 20, basi batalioni ya watu 600 itahitaji sanamu 30. Aidha, ni lazima ajue kwamba batalioni ya Kiingereza ilikuwa na kombania 10, na ya Kifaransa kombania 6. Waingereza wengi walivaa koti jekundu, ila regimenti zilitambulikana kwa rangi ya kola na mikono ya koti. Na wale wa regimenti ya 95, wenye bunduki za shabaha, walivaa kijani kibichi.

Hata hivyo, kitabu cha kanuni za sare hakitoshi. Askari yeyote ajua kwamba mavazi ya gwaride si mavazi ya vitani. Usiku wa tarehe 17 mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi majeshi yote yaliamka yamelowa na kujaa matope. Mwundaji mwaminifu hupaka matope hayo pia.

Katika kazi ya namna hii hakuna aliyekwenda mbali kupita Luteni William Siborne wa jeshi la Uingereza. Yeye mwenyewe hakupigana Waterloo. Mwaka 1830 aliagizwa kutengeneza mfano wa uwanja ule pamoja na majeshi yake. Alikwenda akakaa miezi minane katika nyumba ya shamba la La Haye Sainte, lililokuwa katikati ya uwanja, mahali ambapo askari Wajerumani waliomtumikia mfalme wa Uingereza walishikilia ngome yao mpaka wakaishiwa risasi. Siborne akapima kila kilima, kila njia na kila ua. Katika mfano wake, futi tisa za meza zilikuwa sawa na maili moja ya uwanja.

Kisha alifanya jambo ambalo wasomaji wetu wa polisi watalifahamu vizuri: aliandikisha mashahidi. Aliwapelekea barua maofisa waliosalia, akimwuliza kila mmoja kikosi chake kilikuwa wapi yapata saa moja jioni, kilikaa kwa mpango gani, na adui aliyekuwa mbele yake alikuwa nani. Majibu yalikuja kwa mamia. Aliwauliza Waprusi vilevile, maana nao walikuwapo.

Hapo ndipo fitina ilipoanza. Jioni ile jeshi la Prussia chini ya Jemadari Blücher, baada ya kutembea katika matope kutoka Wavre, lilikuwa limekwisha kuingia vitani, likipigania kijiji cha Plancenoit ubavuni mwa Napoleon. Siborne akawaweka Waprusi mahali walipokuwa, kwa wingi wao. Lakini maofisa wa karibu na Jemadari Wellington hawakupendezwa. Waliona kwamba mtu atakayeitazama meza ile atasema ushindi haukuwa wa Waingereza peke yao.

Mwaka 1833 Serikali ilikuwa imekataa kutoa fedha zaidi, na Siborne akaendelea kwa kukopa. Mwaka 1838 mfano ulionyeshwa London: sanamu zipatazo 75,000 juu ya meza yenye takriban mita sita kila upande. Watu wapatao 100,000 walikuja kuutazama. Baadaye, kwa kuelemewa na madeni na lawama, Siborne alikubali kwamba Waprusi aliwaweka mbele mno, na sehemu kubwa ya sanamu zao ikaondolewa. Alifariki mwaka 1849 akiwa na madeni. Mfano wake umo hadi leo katika Makumbusho ya Taifa ya Jeshi, London.

Sisi twaona kwamba hapa ndipo penye uzito wa jambo. Sanamu ya risasi haiwezi kujitetea. Ikiondolewa mezani, mtazamaji hajui kwamba iliwahi kuwapo. Na aliyetembea siku nzima katika matope hukosa hata nafasi ya kusimama.

Swali hilo latuhusu nasi wa huku. Wako wapenzi wa mchezo huu wanaounda majeshi ya vita vya Afrika ya Mashariki vya mwaka 1914 hadi 1918: askari wa King's African Rifles kwa upande mmoja, na askari wa Kiafrika wa Lettow-Vorbeck kwa upande wa pili. Ni rahisi kununua askari wenye bunduki, ukawapaka rangi, ukasema jeshi limekamilika. Lakini je, nani alibeba chakula chao na risasi zao? Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, na barabara zilikuwa chache. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na lile la Kariokor mjini Nairobi, yametokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Basi mwundaji anayetaka ukweli hapana budi aweke mezani msafara mrefu wa watu wenye mizigo kichwani, japokuwa hawapigi risasi hata moja.

Ndugu askari na polisi, huenda wengi wenu hamtapata nafasi ya kuunda majeshi ya namna hii. Lakini kila mmoja wenu huandika ripoti. Mchoro wa mahali pa tukio, orodha ya waliokuwapo, saa ya kuwasili kwa kikosi cha jirani kilichokuja kusaidia: hayo yote ni meza ya Siborne. Andikeni kila aliyekuwapo, mahali alipokuwa, hata kama sifa itagawanyika.