Kofia ya Mtoto Njiti: Somo la Kwanza la Kufuma kwa Sindano Mbili

Miongoni mwa vifaa vinavyotumika katika wodi za watoto njiti, vichache sana vinaweza kutengenezwa na mtu asiye na taaluma ya tiba. Kofia ya kufuma ni kimojawapo. Inahitaji jozi moja ya sindano, uzi wa gramu zisizozidi 50, na jioni mbili au tatu za subira. Makala haya yanamlenga msomaji ambaye hajawahi kushika sindano za kufumia. Yatamwonesha namna ya kuanza, na pia yatamweleza kwa uwazi kofia hiyo inamsaidia mtoto kwa kiasi gani, kwa kuwa katika jambo hili upendo umetangulia mbele ya ushahidi.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi ni haba, na hana uwezo wa kutetemeka ili kuzalisha joto kama afanyavyo mtu mzima. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na kiwiliwili: kinachukua takriban sehemu moja ya tano ya eneo lote la ngozi yake. Joto humtoka kwa njia nne: kwa majimaji yanayokauka mwilini, kwa kugusa kitu cha baridi, kwa upepo unaompitia, na kwa mwili kupeleka joto kwenye kuta na vioo vya baridi vilivyo karibu hata kama havijagusana naye. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Likishuka chini ya 36 hali imeshakuwa ya kuangaliwa kwa haraka, na chini ya 32 ni hatari kubwa. Mtoto aliyepoa hutumia sukari na oksijeni nyingi zaidi, hunyonya kwa udhaifu, na huweza kuacha kupumua.

Wengi hudhani kwamba hili ni tatizo la Makete au Lushoto. Sivyo. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam mwezi wa Januari, akiachwa na maji ya uzazi mwilini chini ya feni inayozunguka, atapoa huku wakunga wakitokwa jasho. Joto la chumba linalomchosha mtu mzima bado ni baridi kwa mtoto aliyekuwa ndani ya tumbo la mama dakika kumi zilizopita.

Tiba iliyo imara kuliko zote kwa mtoto njiti aliye na hali ya kuridhisha ni kifua cha mama. Huduma ya Mama Kangaruu ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, na Dkt. Edgar Rey Sanabria, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko vitotoleo. Mtoto hulazwa wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa amevaa nepi, soksi na kofia, kisha hufungwa kwa kanga au kitambaa maalumu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, ikiwemo Tanzania kupitia Muhimbili. Watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 walioanza huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri kwanza hali yao itulie, walikuwa na vifo pungufu kwa robo: asilimia 12.0 ikilinganishwa na 15.7 ndani ya siku 28.

Na kofia je? Hapa ndipo inapotupasa kusema ukweli. Mwaka 2018 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali tatu za Afrika, ambako watoto wenye uzito mdogo waliokuwa katika Huduma ya Mama Kangaruu waligawanywa: wengine walivishwa kofia ya sufu, wengine hawakuvishwa. Kofia haikuwa na madhara. Lakini haikuongeza muda ambao watoto walibaki katika joto la kawaida. Watafiti wasingeweza kusema kwa uwazi zaidi ya hapo. Kinachompa joto mtoto aliye kifuani ni kifua chenyewe, na wodi isiyo na upepo.

Kwa maoni yangu utafiti huo hautuambii tuziache sindano. Unatuambia kofia iko wapi katika mpangilio wa mambo. Mtoto hakai kifuani saa zote. Hutolewa apimwe uzito, abadilishwe nepi, achunguzwe, na mama huenda kuoga. Nyakati hizo kichwa huwa wazi, na ndipo kofia kavu, iliyofumwa vizuri, inapofanya kazi yake. Bado imo katika mavazi ya mtoto wa kangaruu yanayopendekezwa. Ninachokipinga ni ile picha ya mtoto aliyepambwa kwa kofia nzuri, amelazwa peke yake kitandani, na mama yake ameketi pembeni akimtazama.

Tuje kwenye sindano. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kufuma, kwa kazi ambazo mafundi huzitofautisha: kuna kufuma kwa sindano moja yenye ncha ya ndoano, kama wafanyavyo wanaotengeneza vitambaa vya makochi, na kuna kufuma kwa sindano mbili, kama sweta za shule. Tunazungumzia hii ya pili. Nunua sindano za unene wa milimita 4; za mianzi au mbao humfaa mwanafunzi kuliko za chuma kwa sababu vitanzi haviponyoki ovyo. Chagua uzi wa unene wa kati, wa rangi ya kung'aa na moja tu. Uzi mweusi ni adui wa mwanafunzi, hasa aliyevuka miaka arobaini ambaye macho yake yameanza kukataa vitu vya karibu. Kama unasogeza uzi mbali ili uuone, kapimwe miwani ya kusomea kabla ya kulaumu mikono.

Funga kitanzi kimoja kinachoteleza na ukivike kwenye sindano ya kushoto. Ingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi hicho kutoka mbele kwenda nyuma, zungusha uzi kwenye ncha hiyo, uvute utokeze mbele kama kitanzi kipya, kisha kitanzi hicho kipya kivike nacho kwenye sindano ya kushoto. Sasa unavyo viwili. Rudia hadi ufikishe 22. Ukishavipata, mwendo ni ule ule, isipokuwa kitanzi kipya kinabaki kwenye sindano ya kulia na cha zamani unakiachia kidondoke kutoka kushoto. Huo tuuite mshono wa mbele. Ukimaliza mstari, badilishana sindano mikononi na uanze tena. Fuma mistari arobaini ya namna hiyo bila kutaka kutengeneza kitu chochote. Kitambaa hicho cha majaribio kipime: kikiwa na upana wa karibu sentimita 10, mkono wako umekaa sawa. Kikizidi sana, unalegeza uzi, basi tafuta sindano nyembamba zaidi. Kikipungua, unakaza mno. Wanaoanza karibu wote hukaza, na mabega yao hupanda hadi masikioni.

Ukikosea, fumua. Lugha yetu imelipa neno hili heshima yake: kinachofumwa hufumuliwa, na uzi hubaki ule ule, haujapotea.

Mshono wa pili ni wa nyuma. Uzi ulete mbele ya kazi, ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi kutoka kulia kwenda kushoto ikipita mbele, zungusha uzi, na usukume kitanzi kipya kitokeze upande wa nyuma. Kwa mishono hiyo miwili tu kofia inapatikana. Anzisha vitanzi 62. Fuma viwili mbele, viwili nyuma, ukikumbuka kuhamisha uzi kati ya sindano kila unapobadili, na mstari utaishia na viwili vya mbele. Mstari wa kurudi unaanza na viwili vya nyuma, kisha viwili vya mbele. Baada ya mistari michache utaona mbavu zimesimama, na kuanzia hapo kazi yenyewe itakuonesha cha kufanya. Mbavu ndizo zinazoifanya kofia ivutike na kurudi, hivyo imkae mtoto bila kumbana.

Urefu ukifika sentimita 12, fuma vitanzi viwili viwili pamoja kama kimoja hadi mwisho wa mstari, vitabaki 31. Mstari unaofuata ni wa kawaida. Kisha punguza tena kwa njia ile ile hadi vibaki 16. Kata uzi ukiacha sentimita 40, upitishe kwa sindano nene ya kushonea katika vitanzi vyote, vuta kwa nguvu hadi tundu la juu lifunge, kisha shona ubavu wa kofia kuelekea chini. Kofia hiyo inafaa kichwa chenye mzunguko wa sentimita 29 hadi 32 hivi. Kwa mtoto mdogo zaidi anza na vitanzi 54. Kwa aliyetimiza miezi, 70.

Kanuni hiyo hiyo inamvisha mama. Vitanzi 102 na urefu wa sentimita 20 kabla ya kupunguza hutoa kofia ya mtu mzima ambayo kijana wa Arusha ataivaa mwezi wa Julai bila kubembelezwa. Kwa skafu, vitanzi 36 na mshono wa mbele peke yake vinatosha; kitanzi cha kwanza cha kila mstari kihamishe bila kukifuma, na kingo zitanyooka kama zimepigwa rula. Mistari miwili ya rangi ya pili kila baada ya kumi huipa sura ya dukani. Urembo huo weka kwenye skafu. Kofia ya mtoto haitaki shanga, vifungo wala kishada.

Lipo jambo moja ambalo madaktari wa watoto hulikuta na familia hazilitarajii. Uzi uliolegea ndani ya glavu au soksi ya kufuma huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto, ukakata mzunguko wa damu, na kidole kikavimba na kuwa cha bluu. Usipogunduliwa mapema kidole hupotea. Kwa hiyo mwanafunzi asianze na glavu za watoto kabisa. Kofia nayo igeuzwe nje-ndani, kila ncha ya uzi ifichwe kwa kushonewa angalau sentimita 5 ndani ya mishono, na upitishe kidole chako mwenyewe kukagua kama kuna kinachonasa.

Sufu hubakiza joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Pamba ikilowa hugeuka kuwa kitambaa cha baridi. Akriliki ni rahisi, hufulika, lakini huyeyuka ikikaribia jiko la mkaa. Aina yoyote, kofia iliyolowa ivuliwe. Na mtoto aliyetimiza miezi, mwenye afya, anapolala nyumbani mahali penye joto, asivalishwe kofia: anaweza kupata joto kupita kiasi, au kofia ikateremka hadi puani. Ukitaka kujua kama ana baridi, gusa kifua au shingo kwa nyuma, maana viganja vya watoto hudanganya.

Kuhusu mfumaji mwenyewe: dakika 30, kisha pumzika, nyosha vidole na viwiko. Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa inayoamsha usiku, ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kifundoni mwa mkono, na huwapata sana wajawazito. Ikijitokeza, weka sindano chini na umwone daktari. Kwa upande mwingine, utafiti wa maoni uliochapishwa Uingereza mwaka 2013 uliwauliza wafumaji zaidi ya 3,500, na waliofuma mara kwa mara walieleza kwamba kazi hiyo huwatuliza. Waliojibu ni watu wanaopenda kufuma, kwa hiyo hautoshi kuwa ushahidi wa tiba. Hata hivyo mama anayekaa wodini wiki tano akingoja gramu ziongezeke ana saa nyingi na mawazo mengi, na mikono yake iko huru wakati mtoto amefungwa kifuani. Sindano fupi hazimzuii kumbeba, mradi ncha zielekezwe mbali na mtoto.

Ukitaka kupeleka kofia hospitalini, uliza kwanza wauguzi wa wodi ya watoto wachanga wana upungufu wa ukubwa gani. Mara nyingi watu huleta kubwa tupu. Zifue kwa sabuni isiyo na manukato, zikauke juani, zifunge kwenye mfuko safi, na uandike juu yake mzunguko wa kichwa kwa sentimita.