Uhai wa kikaragosi u katika viungo

Mwite mtu kikaragosi uone kama hamtagombana. Kwetu neno hili ni tusi: mtu asiye na lake, achezeshwaye na wengine. Lakini asili yake ni jina la mtu mashuhuri. Latokana na Karagöz, yaani "jicho jeusi", mcheshi wa mchezo wa vivuli wa Waturuki, ambao kwa karne nyingi ulichezwa nyusiku za Ramadhani, watu wakishafuturu na kuswali. Mwaka 2009 UNESCO iliutia katika orodha yake ya turathi za binadamu.

Karagöz si mwanasesere wa mti. Ni sura ya ngozi, kimo chake kama sentimita 35 hadi 40, iliyochongwa kwa kisu na kutiwa rangi, ikachezeshwa kwa vijiti nyuma ya pazia jeupe, taa ikiwaka.

Ngozi ipi basi? Hapa ndipo fundi ajulikanapo. Tangu zamani iliyosifiwa ni ya ngamia. Ikishaparwa vyema hupenyeza nuru, rangi zikang'aa pazani, wala haijikunji upesi kwa joto la taa. Ya ng'ombe nayo hutumika. Wapigaji ngoma wetu huiota ngozi motoni ili ikaze na kulia. Lifaalo ngoma halimfai Karagöz: ngozi yake ikikaza upande mmoja hupinda, ikaachana na pazia, na kivuli kikafifia.

Kisha kuna viungo, na huko ndiko kwenye mtihani. Vipande hufungwa kwa uzi wa utumbo wa mnyama, fundo huku na fundo huku. Fundo likikazwa mno, kiungo hakigeuki. Likilegezwa mno, chaning'inia kama cha maiti. Tundu la kijiti nalo hushonewa kiraka cha ngozi, kwani kijiti huzunguka humo mchezo mzima, na pasipo kiraka lingechanika.

Wengine siku hizi hufungia mshipi wa nailoni. Hauozi, ni kweli. Lakini uzi mwembamba na mgumu huweza kuikata ngozi. Tupime hasara: uzi ukikatika hufungwa mwingine, mchezo ukaendelea, ngozi ikichanika, sura nzima imeharibika. Heri uchakae uzi kuliko mwili.

Basi, ndugu msomaji, siku ukiitwa kikaragosi usikasirike. Muulize tu aliyekuita: wa ngozi gani?