Saa ya Faili kati ya Kitshanga na Kinshasa

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya kimataifa, yaani UTC, ilhali Kitshanga na Kivu ya Kaskazini nzima iko saa mbili mbele, hivyo saa tisa alasiri huko Kitshanga ni saa nane mchana katika mji mkuu.

Kila faili hubeba alama ya wakati, yaani kumbukumbu ya lini ilibadilishwa mara ya mwisho, na mifumo ya Linux, pamoja na diski za NTFS za Windows, huiandika kwa UTC, kisha huionyesha kwa saa ya mahali. Flashi za mpangilio wa FAT, na mara nyingi faili za zip, huandika saa ya mahali bila kutaja ni ya wapi. Orodha ya wagonjwa iliyohifadhiwa Kitshanga saa tisa na kutumwa kwa zip husomeka Kinshasa kuwa ya saa tisa, ingawa kwa huko ni ya saa nane. Ikiwa nakala ya Kinshasa ilisahihishwa saa nane na nusu, programu iliyoagizwa kubakiza faili mpya zaidi hufuta masahihisho hayo, na hasara ya namna hiyo ni nzito kwa kuwa hakuna onyo linalotolewa.

Chanzo kingine cha makosa ya saa, kilicho kigumu zaidi kutambua, ni mtumiaji wa Kitshanga anayechagua majira ya Kinshasa kwa sababu ndiyo makao makuu, kisha, akiona saa imechelewa, anaisogeza kwa mkono. Skrini husema kweli, lakini UTC ya ndani imetangulia kwa saa moja, na kila faili anayoituma huonekana imetoka wakati ujao. Dawa ni kuchagua Lubumbashi, au katika Windows majira ya Harare na Pretoria, na kuiachia saa irekebishwe na NTP, utaratibu wa kulinganisha saa za kompyuta ambao David Mills aliuchapisha mwaka 1985. Pale ambapo intaneti ni ya kubahatisha, kompyuta moja ya ofisi huweza kuzigawia nyingine saa.

Alama za wakati za faili zilizokwisha kuathirika husogezwa zote kwa saa moja kamili, baada ya kutunza nakala. Programu ya rsync huweza pia kuagizwa kupuuza tofauti ya saa moja, lakini njia hiyo haifai kwa orodha zinazobadilika kila siku, kwani faili iliyorekebishwa ndani ya saa hiyo bila kubadilika ukubwa haitanakiliwa.