Kijana Wetu Ataka Digrii ya Pili ya Fedha: Kikundi Kiulize Nini?



Katika vikundi tunavyotembelea, ombi moja linarudi tena na tena. Mtoto wa mwanachama amemaliza chuo kikuu, ametafuta kazi hadi amechoka, na sasa asema akipata digrii ya pili ya mambo ya fedha, ile watu huita masters, mlango utafunguka. Wazazi wanalileta jambo kwa kikundi. Pesa zinazoombwa ni zile za tangi la maji, za mbuzi wa maziwa, au akiba ya meri-go-raundi ya miaka kadhaa. Si jambo la kupitishwa kwa makofi.

Wengi huanza kwa kuuliza karo ni pesa ngapi. Sisi tungeomba muanze kwingine: kijana mwenyewe anataka kufanya kazi gani? Maana masomo ya fedha si kitu kimoja. Akitaka kuwa mhasibu, yaani mtu wa kuandika na kukagua vitabu vya hesabu, masters peke yake haimfanyi mhasibu. Njia yake ni mitihani ya CPA inayotolewa na KASNEB, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1969, kisha kusajiliwa na chama cha wahasibu, ICPAK. Mitihani hiyo ina ngazi tatu, hulipiwa kidogo kidogo, na mtu aweza kusoma jioni huku mchana yuko kibaruani. Wanaopenda mambo ya hisa na uwekezaji, KASNEB ina mtihani wao pia, unaoitwa CIFA.

MBA, nayo, humfaa zaidi mtu ambaye tayari ana kazi na anatazamia kuwa mkubwa ofisini. Masters ya fedha yenyewe ina hesabu na takwimu nyingi. Inamfaa anayetaka kupima mikopo mikubwa katika benki, kuchambua kampuni zilizo katika soko la hisa la Nairobi, au kuendelea hadi PhD ili afundishe chuo kikuu. Kwa kijana asiye na kazi yoyote, maoni yetu ni kwamba CPA itangulie. Akipata kazi, masters itamngoja.

Haya, tuseme amefikiri vizuri na bado anaitaka masters. Basi aombe nafasi kwanza, ndipo pesa zichangwe. Vyuo vingi hapa Kenya hutaka digrii ya kwanza ya daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini mara nyingi huulizwa kama amefanya kazi inayohusiana na masomo hayo, labda miaka miwili. Kwa hiyo msione haya kumwomba awaonyeshe karatasi zake za matokeo. Pia aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kama chuo hicho kimekubaliwa, na kama masomo hayo yenyewe yamekubaliwa. Chuo chaweza kuwa halali na kozi isiwe.

Atatakiwa pia kuleta barua za watu wanaomjua. Wengine hukimbilia kwa padre. Padre ataandika kwamba kijana ni mwaminifu, na hilo ni jema, lakini chuo chataka kusikia kutoka kwa mtu aliyemfundisha au aliyemsimamia kazini. Na ile barua ya kueleza kwa nini anataka kusoma asiijaze sifa. Kama amewahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha vijana, akaona mikopo ikikwama na akajiuliza sababu, hayo ndiyo ya kuandika.

Ada ya kuomba nafasi ilipwe katika akaunti ya chuo. Akitokea mtu anayesema ati atumiwe pesa kwa simu yake ndipo barua ya chuo ipatikane, mwacheni aende zake.

Kuna gharama moja ambayo watu huisahau: kazi ya utafiti ya mwisho. Wanafunzi wengi humaliza madarasa, wakakwama hapo, na bila hiyo hakuna digrii. Pesa zake zitengwe tangu mwanzo, si kungoja harambee nyingine.

Wanaofikiria Uingereza, ambako masters huchukua kama mwaka mmoja, wajue mambo mawili. Kwanza, anayejilipia hutakiwa kuonyesha, wakati wa kuomba viza, kwamba pesa zimekaa benki siku 28 mfululizo, na ziwe kwa jina lake au la wazazi wake. Zikiwa katika akaunti ya kikundi hazitamsaidia. Pili, tangu Januari 2024, wanafunzi wengi wa masters za darasani hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto. Kuna ufadhili wa serikali ya huko uitwao Chevening, na kuuomba ni bure. Lakini wanataka mtu awe amefanya kazi karibu miaka miwili, na akimaliza arudi nyumbani akae angalau miaka miwili.

Mwisho, kikundi kiseme wazi: je, huu ni mchango au ni mkopo? Tumeona familia zikikosana kwa sababu mmoja alisikia hivi na mwingine vile. Kama ni mkopo, katibu aandike katika kumbukumbu za mkutano ni kiasi gani, utaanza kulipwa lini, na nani atalipa kijana akikosa kazi. Kisha mzazi na kijana watie sahihi mbele ya wanachama, kabla shilingi moja haijatoka.