Ndugu yako ameumia kichwa? Haya ndiyo maana ya maneno ya daktari

Daktari amepita raundi asubuhi. Amesoma faili, amemulika macho ya mgonjwa kwa tochi, amezungumza na nesi kwa lugha ya kidaktari, kisha kahamia kitanda kingine. Wewe umebaki umeshika chupa ya uji na swali moja tu: kaka atapona au hatapona?

Ndivyo inavyokuwa kwa familia nyingi baada ya ajali ya bodaboda, kuanguka kutoka juu au kupigwa kichwani. Sasa elewa jambo moja. Maneno mengi yaliyomo kwenye lile faili hayatabiri mwisho wa safari. Yanaeleza mgonjwa anaweza nini leo na kitu gani kinaweza kumdhuru. Usipoyaelewa, unaweza kumuumiza huku ukidhani unamsaidia.

GCS: alama 3 hadi 15

Hiki ni kipimo cha fahamu kilichobuniwa na madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, mjini Glasgow mwaka 1974. Hakihitaji mashine. Mtaalamu anaangalia mambo matatu: macho yanafunguka vipi (alama 1 hadi 4), mgonjwa anaongea vipi (1 hadi 5) na viungo vinajongea vipi (1 hadi 6).

Alama zikiwa 13 hadi 15, jeraha linahesabiwa kuwa dogo. Zikiwa 9 hadi 12 ni la kati, na 8 kushuka chini ni kubwa. Alama ya chini kabisa ni 3, hakuna sifuri.

Usishike namba ya siku moja ukalia nayo. Muulize nesi: "Jana alikuwa ngapi, leo ngapi?" Ikipanda, ni dalili njema. Ikishuka ghafla, hata kwa alama 2, daktari anatakiwa ajue hapo hapo.

"CT iko sawa, mbona haamki?"

Kipimo cha CT kinaonyesha vizuri fuvu lililovunjika na damu iliyovujia ndani. Ukisikia neno hematoma, ni bonge la damu hilo. Likikandamiza ubongo, wakati mwingine lazima fuvu lifunguliwe ili litolewe.

Lakini kuna jeraha jingine. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu za ubongo zinavutika na kukatika huku na kule. CT inaweza isionyeshe kitu kikubwa, na bado mgonjwa akachelewa kuamka. Kwa hiyo picha safi haina maana kwamba anajifanya, wala kwamba amerogwa.

Amefungua macho, lakini hayupo

Aliye kwenye koma hafungui macho hata ukimwita au ukimfinya. Wengi hawabaki hivyo zaidi ya wiki chache. Baada ya hapo macho yanaweza kufunguka, akawa analala na kuamka, lakini bila kutambua chochote. Hatua nyingine ni pale anapoitikia mara moja moja: anakufuata kwa macho, anakubana mkono ukimwambia, kisha anapotea tena.

Hapa ndugu ana kazi kubwa, maana wewe unakaa naye muda mrefu kuliko daktari. Ukiona ameitikia, andika saa na alichofanya, kisha mwambie nesi.

Fujo: si mapepo

Kuna hatua inayotisha familia kuliko zote. Mgonjwa ameamka, lakini anachomoa mipira, anavua nguo, anamtukana hata mama yake mzazi. Hapo ndipo wengine huanza kutafuta mganga.

Kumbe hatua hii inajulikana. Hospitali ya Rancho Los Amigos iliyoko California, Marekani, ilitengeneza ngazi za kufuatilia jinsi ubongo unavyorudi baada ya jeraha. Ngazi ya 4 ndiyo hiyo: amechanganyikiwa na ana fujo. Kwa wagonjwa wengi ni sehemu ya kutoka gizani. Hata hivyo mwite nesi, kwa sababu maumivu, homa au kibofu kilichojaa vinaweza kuleta fujo pia.

Msaada wenu hapo ni utulivu. Waingie mmoja mmoja, si ukoo mzima. Zima simu. Ongea polepole, mkumbushe yuko wapi na leo ni siku gani. Akiuliza swali lile lile mara ishirini, mjibu bila kumkaripia. Hiyo ni amnesia baada ya jeraha, yaani ubongo bado hauwezi kuhifadhi mambo mapya.

Disfajia: hapa weka uji chini kwanza

Neno hili lina maana ya shida ya kumeza. Chakula au maji yanaweza kupita njia ya hewa na kuingia kwenye mapafu, na hapo anaweza kupata nimonia inayoua. Mbaya zaidi, wengine hawapaliwi wala hawakohoi, yaani yanaingia kimya kimya.

Ndiyo maana amewekewa mpira wa puani. Si kwamba hospitali inamnyima chakula. Usimwibie kijiko cha uji usiku kwa huruma, na usidhani maji ni salama kwa kuwa ni mepesi. Maji hukimbia haraka kooni, na kwa wengi ndiyo magumu zaidi kuyameza salama. Subiri apimwe kumeza. Akiruhusiwa kula, awe amekaa wima, apewe kidogo kidogo, na abaki amekaa kwa muda baada ya kula.

Afasia: akili ipo, maneno yamepotea

Mwenye afasia anashindwa kupata neno analotaka, au haelewi vizuri anachoambiwa. Anataka maji, anasema "kiti". Hajawa mwendawazimu na hajarudi utotoni. Kama alikuwa anajua Kisukuma na Kiswahili, lugha moja inaweza kurudi kabla ya nyingine.

Mwulize maswali ya ndiyo au hapana. Mwonyeshe kitu chenyewe. Mpe muda, usimmalizie kila sentensi. Wala msijadili mbele yake nani atachukua pikipiki yake, mkidhani hasikii.

Disathria ni tofauti na hiyo. Huyu maneno anayo, ila misuli ya mdomo na ulimi ni dhaifu, sauti inatoka kama ya mlevi.

Hemiplejia na spastisiti

Hemiplejia ni kupooza upande mmoja. Ubongo ukiumia kushoto, kwa kawaida mwili unalegea kulia. Unapomwinua usimvute kwa ule mkono uliolegea, bega linaweza kuteguka.

Spastisiti ni misuli kukaza yenyewe. Ikiachwa bila mazoezi, kiungo hujikunja kikagoma kunyooka. Hapo ndipo anapoingia mtaalamu wa fiziotherapia. Mwenzake wa tiba kwa vitendo anamfundisha upya kuoga, kuvaa na kushika kijiko. Kazi yote hii kwa pamoja inaitwa utengamao. Msingi wake ni kwamba ubongo unaweza kujipangia njia mpya kadiri kitendo kinavyorudiwa. Mazoezi ya nusu saa hospitalini hayatoshi kama nyumbani analala siku nzima.

"Ametulia" na "ruhusa"

Haya ni maneno ya kawaida, lakini yanapotosha wengi. "Hali imetulia" maana yake haizidi kuwa mbaya, siyo kwamba amepona. "Ruhusa" nayo maana yake hahitaji tena kitanda cha hospitali, lakini kazi ya utengamao inaendelea nyumbani.

Kabla hujasaini karatasi ya ruhusa, uliza haya:

- Anaruhusiwa kula na kunywa nini, na akiwa amekaaje?
- Mazoezi gani tumfanyishe, mara ngapi kwa siku?
- Dawa za degedege anatumia hadi lini? (Msiziache wenyewe.)
- Kliniki ni tarehe gani, na tukipata shida tumpigie nani?

Na mrudisheni hospitali haraka, hata kama ni usiku, mkiona kichwa kinauma zaidi na zaidi, anatapika mara kwa mara, anapata degedege, analala kupita kiasi na haamshiki, udhaifu mpya upande mmoja, au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine.